Enjelifishi akae na nani? Mwongozo kamili wa tangi ya mimea kwa sisi wa Nairobi

Ukiingia duka la samaki wa urembo hapa Nairobi utamkuta enjelifishi ako saizi ya sarafu ya shilingi ishirini, ametulia tangi moja na neoni, gapi, goldifishi na hata wale wa milia, na muuzaji anakuambia hao wote wanakaa pamoja bila shida. Na ni kweli, wiki hiyo wanakaa. Lakini tangi ya duka ni kama stendi ya matatu, kila mtu anapita tu, hakuna mwenye amefika nyumbani. Wewe unataka samaki wakae miaka. Kwa hivyo kabla hujatoa pesa jua hivi: majirani unawachagulia enjeli vile atakuwa mwaka ujao, huyu mdogo unayemwona kwa kioo usimtumie kupima.

Mara yangu ya kwanza, nikiishi South B, nilinunua enjeli wanne na neoni kumi. Miezi kama saba hakukuwa na neno, halafu neoni wakaanza kupungua mmoja mmoja, nikatafuta nyuma ya filta, nikaangalia sakafuni labda wameruka, nikafikiria ni ugonjwa nikatia dawa. Kumbe wapi. Asubuhi moja nikawasha taa mapema kuliko kawaida nikamkuta enjeli mkubwa ako na mkia wa neoni umetokeza mdomoni. Iliniuma sana, kwa sababu neoni hakuwa na kosa na enjeli pia hakuwa na kosa, huko kwao samaki mdogo mwembamba ni chakula. Mimi ndiye niliwaweka pamoja. Tangu siku hiyo kila mtu akiniuliza habari ya enjeli naanza na mdomo wake kabla ya rangi zake.

Hatua ya 1: mjue enjeli mwenyewe

Yule anayeuzwa karibu kila mahali ni Pterophyllum scalare, asili yake ni mito ya bonde la Amazoni, Peru, Kolombia, Brazili na sehemu za karibu. Anapenda maji ya pole yenye mizizi na mimea mirefu, na ndio maana mwili wake ni bapa kama sahani iliyosimamishwa, anapenya katikati ya mashina. Akikomaa mwili unafika karibu sentimita 15 kwa urefu, na ukipima kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini unapata 20 au zaidi. Huyo si samaki mdogo.

Kitu watu wengi hawajui ni kwamba enjeli ni sikilidi, yaani ni wa ukoo mmoja na ngege na fulu wa Ziwa Viktoria. Mtu aliyekulia upande wa ziwa anajua vile ngege dume hulinda shimo lake la kiota, hataki mtu apite. Enjeli ako na damu hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba ngege wetu mama hubeba mayai mdomoni, na enjeli hutaga juu ya jani pana halafu baba na mama wote wawili wanasimama hapo kulinda. Siku hiyo sura yake ya upole inaisha kabisa, na ukiwa hukupanga majirani vizuri ndio siku utajua.

Basi kila samaki unayetaka kuongeza, mpitishe kwa maswali manne. Anaweza kuingia kwenye mdomo wa enjeli mkubwa? Ako na tabia ya kung'ata mapezi ya wengine? Anaishi kwenye joto na maji haya haya? Na enjeli wakitaga, huyu ataweza kujitoa akae mbali? Akianguka hata swali moja muache dukani.

Hatua ya 2: tangi iwe ndefu kwenda juu

Hapa nitaenda haraka lakini usiruke, maana tangi ndogo inaharibu hata majirani wazuri. Kimo cha tangi kiwe sentimita 45 au zaidi, la sivyo mapezi yanakua yamepinda. Enjeli wawili peke yao wanahitaji kama lita 110, na ukitaka kundi pamoja na majirani anza lita 200 kwenda juu. Tangi ya urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50 inabeba lita 270 ikijazwa hadi ukingoni, ukitoa mchanga na magogo unabaki na kama 230 za kweli. Fundi wa vioo anaweza kukutengenezea, lakini stendi usibahatishe, lita moja ni kilo moja, jumlisha kioo na mawe unapita kilo 300, hiyo haikai kwa meza ya TV. Stendi nzuri ya chuma mafundi wa jua kali pale Kamukunji wanachomelea ukiwapa vipimo, hakikisha tu iko leveli kabla ya kujaza maji.

Mimea ndio inafanya ujirani uwezekane, wala haiko hapo kwa urembo tu. Panda valisneria, lile jani refu kama nyasi, nyuma na pembeni ili liwe pazia, kwa sababu samaki asiyeonekana hafukuzwi. Weka Amazon sword moja au mbili za majani mapana katikati, enjeli wanapenda kutaga hapo. Anubias, ambayo asili yake ni Afrika ya magharibi na kati, pamoja na java feni, zifunge kwa uzi kwenye gogo, usizike shina lao la chini kwa mchanga maana litaoza. Hizo mbili zinavumilia taa ya kawaida. Acha uwanja mtupu mbele wa kuogelea na upange gogo likate tangi vipande viwili ambavyo samaki wa huku hamwoni wa kule.

Hatua ya 3: maji yako ni yapi hasa?

Sehemu kubwa ya maji ya mfereji hapa mjini inatoka bwawa la Ndakaini na mabwawa mengine ya upande wa Nyandarua, ni maji laini, yaani hayana madini mengi, na enjeli anayapenda. Lakini sote tunajua mambo ya mgao. Mfereji ukikauka unaletewa maji ya kisima au ya boza, na maji ya visima vingi vya Nairobi yako na floraidi nyingi na pH yake, kile kipimo cha asidi na alikali, iko juu. Kwa hivyo leo uko na maji laini, wiki ijayo unabadilisha na maji tofauti kabisa, samaki wanashtuka halafu unalaumu ujirani wakati shida ni maji. Nunua kipimo cha pH na upime kila mzigo wa maji kabla haujaingia kwa tangi. Lenga pH kati ya 6 na 7.5, isiwe inaruka ruka. Mimi nina ndoo mbili kubwa za akiba nimejaza maji ya mfereji, sizigusi kwa kufua hata kukiwa na shida.

Maji ya mfereji yana klorini, tumia dawa ya kuiondoa, au kama ni klorini ya kawaida acha maji wazi na pampu ya hewa saa 24.

Joto sasa. Enjeli anataka nyuzi 24 hadi 28, mimea mingi inafurahi kwa 24 hadi 26, kwa hivyo weka 26 na umalize hiyo hadithi. Watu wanasema Nairobi si baridi. Jaribu kukaa bila hita Julai uone, maji yanashuka chini ya 20 usiku na enjeli anafunga mapezi anasimama pembeni kama mgonjwa. Hita ya wati moja kwa kila lita inatosha, na kwa tangi ndefu ni bora mbili ndogo kila upande kuliko moja kubwa, moja ikikufa nyingine inashikilia.

Na tangi mpya haiwekwi samaki siku ya kwanza. Filta inahitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria wanaogeuza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, kuwa nitriti halafu nitrati wajijenge. Amonia na nitriti zisome sifuri ndio uanze kufikiria majirani.

Hatua ya 4: majirani wenyewe

Fikiria tangi kama ghorofa. Enjeli wanakaa katikati na juu kidogo. Kwa hivyo chini kuko wazi, na hapo ndipo pa kuanzia.

Wapangaji wangu wa kwanza siku zote ni koridora, wale kambare wadogo wenye ndevu wanaotembea mchangani wakinusa. Wana ngozi ngumu ya magamba mapana na miiba kwenye mapezi, enjeli hasumbuki nao, na wao hawana haja na mtu. Wanataka kundi, sita kwenda juu, ukinunua wawili wanajificha maisha yao yote na utasema ni samaki wa kuchosha. Kati yao yule anaitwa sterbai anavumilia joto zaidi, ukimpata mchukue, yule wa shaba pia yuko sawa ukibaki 25 au 26. Mchanga uwe laini, changarawe kali inakwaruza ndevu zao. Na chakula chao kiwe kile kinachozama, wape taa ikizimwa, kwa sababu mchana enjeli watamaliza kila kitu na koridora wabaki na njaa huku wewe unaamini wanakula mabaki. Hii naisema kwa uchungu kwa sababu koridora wengi hapa wanakufa njaa polepole kwa kuitwa wasafishaji.

Pleko, yule kambare wa kunyonya kioo na magogo, ni mmoja tu, na awe yule wa ndevu, Ancistrus, anafika sentimita 12 hadi 15 basi. Pleko wa kawaida anayeuzwa akiwa kidole anafika 30 na kupita, anang'oa mimea na usiku anaweza kumkwangua enjeli ubavuni amkule ute. Muuzaji akikuambia "ni pleko tu" uliza ni yupi, na kama hajui usichukue.

Kundi la kuogelea katikati ndilo watu wanakosea sana. Neoni ni sentimita 3, nimeshakuambia mwisho wake. Kadinali anafanana naye ila ni mkubwa kidogo, na wako watu wamefaulu naye kwa kuweka kadinali waliokomaa kwanza halafu enjeli wadogo sana wakue nao, inasaidia, lakini mimi siwezi kukuahidi. Kuna tetra, jamii ya hao neoni, wale wenye pua nyekundu, wanafika kama sentimita 5, wanaogelea wamekazana kama askari wa gwaride, na kundi la 12 mbele ya mimea ya kijani ni kitu cha kukaa kutazama jioni nzima. Hao ndio chaguo langu. Tetra wa limau pia ni wazuri, mwili wao ni mpana haupiti mdomoni kirahisi. Ukiwa na tangi ya sentimita 120 na unataka kitu cha bara letu, tafuta tetra wa Kongo, madume wanafika karibu sentimita 8, rangi zinabadilika vile taa inawapiga, na hawasumbui mtu.

Ukitaka sikilidi mwingine, chukua ramu wa Bolivia wawili. Wanakaa chini, ni wapole, wanajua mipaka. Yule ramu mwenye buluu ya kung'aa ni mzuri zaidi kwa macho lakini anataka nyuzi 27 au zaidi na maji safi kupindukia, kwa mtu anayeanza utamzika. Gurami wa lulu anaweza, mmoja dume na jike wawili, kwa tangi kubwa. Plati na mkia upanga wanawezekana ingawa wao wanapenda maji magumu kidogo, ujue tu vifaranga wao wote wataliwa na enjeli, kama hilo litakusumbua roho usiwaweke.

Konokono nerite ni salama na hazizaliani kwenye maji yasiyo na chumvi kama yetu, zitaacha mayai meupe kwa kioo lakini hayaanguliwi. Uduvi wale wadogo wekundu ni vitafunio, hata usijaribu.

Wa kuwakataa hata kama ni bei ya kutupa

Taiga barbi, yule wa milia minne. Anang'ata. Zile nyuzi ndefu za mapezi ya enjeli kwake ni mchezo, na ndani ya wiki enjeli anabaki kama mwavuli uliochanika, halafu ukungu unaingia kwenye vidonda. Tetra serpe ni tabia hiyo hiyo. Tetra mweusi wa sketi hutegemea, kundi kubwa wanasumbuana wenyewe, wachache wanamgeukia enjeli.

Goldifishi anataka maji ya baridi na anachafua tangi kupita kiasi. Beta dume, yule samaki wa kupigana, hapana. Gapi mkia wake unaomba ugomvi na mwili wake unaingia mdomoni. Oska, sikilidi mkubwa, atamla enjeli mwenyewe. Diskasi anaonekana kama ndugu yake lakini anataka nyuzi 28 hadi 30 na ni mpole mezani, enjeli anammalizia chakula.

Halafu wale sikilidi wa rangi rangi wa Ziwa Malawi ambao Wanairobi tunawapenda sana, na wanapatikana kirahisi. Tafadhali usichanganye. Hao wanataka maji magumu ya pH 7.8 hadi 8.6, mawe matupu bila mimea, na ni wapiganaji wa kila siku. Ukoo ni mmoja na enjeli lakini maisha ni tofauti kabisa. Kama unawapenda wote nunua tangi mbili.

Hatua ya 5: nani aingie kwanza

Mpangilio wa kuingia unabadilisha kila kitu. Anza na tetra na koridora, tena wakiwa wakubwa, kwa sababu wa kwanza kufika ndio wanajiona wenye nyumba. Subiri wiki mbili tatu, pima amonia, ongeza pleko na ramu. Enjeli waje mwisho, tena wakiwa wadogo. Nunua watano au sita wadogo wakue pamoja, usinunue wawili wakubwa wasiojuana, maana ukikosea wakawa madume wawili mmoja ataishi nyuma ya hita.

Kila mgeni apite karantini wiki 3 hadi 4. Si lazima tangi ya bei, boksi la plastiki la lita 40 lenye hita na filta ya sponji linatosha. Madoa meupe kama chumvi kwenye mapezi ndio ugonjwa unaoingia sana, na kuutibu kwa boksi ni rahisi kuliko tangi yenye mimea na koridora, maana dawa nyingi zinaua mimea na koridora hawapatani nazo.

Siku ya kuwaingiza zima taa. Acha mfuko uelee juu ya maji dakika 15, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa, mtoe samaki kwa wavu, maji ya duka mwaga chooni. Kama kuna enjeli wa zamani ndani, hamisha gogo na mmea mmoja mahali pengine dakika chache kabla, ili na yeye ajikute mgeni kidogo.

Kwa ile tangi ya 120 mimi naweka hivi: enjeli watano wadogo nikijua watabaki wawili au watatu, tetra pua nyekundu 12, koridora 8, pleko wa ndevu mmoja, ramu wa Bolivia wawili. Kwa ya 90 kwa 45 kwa 45 ni enjeli wawili waliooana, tetra wa limau 10, koridora 6, na hapo unafunga mlango.

Hatua ya 6: kaa uangalie

Siku mbili za kwanza vuta kiti. Kufukuzana kidogo wakati wa kula ni kawaida. Kitu si cha kawaida ni samaki mmoja amesimama pembeni juu, hali chakula, mapezi yamefungwa, au nyuzi za enjeli zinafupika kila siku. Hapo usingoje "wazoeane", mtoe anayeonewa leo leo, na ukigundua mnyanyasaji ni mmoja mtoe yeye.

Wakifika miezi minane hadi mwaka utaona wawili wanashikana midomo, wanasafisha jani, wanafukuza wengine wote upande mmoja. Wameoana. Mayai yanaanguliwa kama siku mbili hadi tatu kwa joto letu, na wiki moja hivi vifaranga wanaogelea. Muda huo nusu ya tangi ni yao. Koridora ndio wanaumia hapa kwa sababu usiku wanaenda kunusa mayai. Uko na njia tatu: weka kioo au wavu wa kugawa tangi, au hamisha jani lenye mayai kwenye boksi la karantini, au kama unataka kulea kweli wape wazazi tangi yao ya lita 80 hadi 100. Wale enjeli wengine waliobaki bila wenza wauze au uwape rafiki mapema, kabla hawajachanwa.

Kila wiki badilisha robo ya maji, siku ile ile. Stima ikipotea, usilishe, funika tangi kwa blanketi na uwashe pampu ya hewa ya betri, zinapatikana na si ghali, kwa tangi iliyojaa majirani hewa inaisha kabla joto halijaisha.

Na kama samaki amekushinda, labda ulichukua pleko wa kawaida sasa ni wa sentimita 30, mrudishe dukani au umpe mwenye bwawa la kufungwa nyumbani kwake. Usimpeleke mtoni wala bwawa la Nairobi Dam. Samaki wa kigeni huumiza wenyeji: sangara aliletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na fulu wa aina nyingi walipotea baada yake. Piga simu kwa duka lililokuuzia, wengi watampokea hata kama hawakulipi kitu.